"Logi?": kisa cha dogo wa Uyole na betri ya pili

Ngoja nianze na meseji yenyewe maana ndo chanzo cha yote. Aliiandika kwa Kiingereza kwenye grupu moja la Telegram la watu wa drone za kujiundia, grupu la watu wa kila nchi, mi naitafsiri hapa kama ilivyokuwa: "Habari za leo wataalamu wote, natumaini mko wazima na familia zenu. Mimi ni kijana kutoka Tanzania, napenda sana teknolojia. Drone yangu imeanguka. Tafadhali nisaidieni haraka sana, ni muhimu. Mungu awabariki." Afu picha. Drone imelala kifudifudi kwenye tuta la viazi, propela mbili zimekatika, mkono mmoja wa fremu umepinda. Na chini ya picha katagi watu wanne ambao aliona majina yao yana alama ya admini.

Kimya siku nzima. Kesho yake ndo likaja jibu moja tu, neno moja na alama ya kuuliza: "Logi?"

Dogo akaja kwangu Mwanjelwa kanuna kama kanyang'anywa kitu. Mi nina kibanda cha ufundi simu pale, na pembeni ya simu nina huu ugonjwa wa drone, kwa hiyo vijana wachache wa Mbeya wenye ugonjwa huohuo huwa wanapita. Akanionyesha simu, "Braza ona, nimewasalimia vizuri kabisa, nimewaombea na baraka, mtu ananijibu kama anafukuza kuku." Na kabla hajafika kwangu alishawajibu. Aliandika kuwa kama hawataki kusaidia Waafrika waseme tu. Aliifuta baada ya lisaa lakini si unajua grupu, kilichofutwa ndo kilichosomwa na wengi. Yule wa neno moja alishamrudishia, bila hasira wala nini: "Sijui drone yako ilifanya nini hewani. Nitumie faili nione."

Sasa nirudi nyuma kidogo ili ueleweke ugomvi wenyewe.

Drone ya dogo sio ya dukani. Ni fremu ya F450, ile ya mikono minne inayouzwa bei chee, mota za 920KV, propela za inchi 10, betri ya 3S (yaani seli tatu) ya 5200mAh, na ubongo wake ni bodi ya Pixhawk yenye programu ya ArduPilot. ArduPilot ni programu huria, chini ya leseni ya GPL, ilianza mwaka 2009 na leo inaendesha mpaka ndege za mabawa, boti na vigari, na wewe unaipakua bure bila kuulizwa hata jina. Kati ya walioijenga yupo Andrew Tridgell wa Australia, ndo huyohuyo aliyeanzisha Samba, ile inayofanya kompyuta za Linux na Windows zigawane mafaili. Yaani watu wenye kazi zao na majina yao. Wapo wanaolipwa na kampuni kuiendeleza, lakini wengi unaokutana nao kwenye magrupu ukiomba msaada wanakaa pale kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi, mtoto analia pembeni.

Na kitu kimoja muhimu cha hii programu: kila ukiwasha mota inaandika. Inaandika volti za betri, kila mota imeamriwa izunguke kiasi gani, drone ilitakiwa iwe mita ngapi na ilikuwa mita ngapi, mtikisiko, GPS, kila kitu, mara nyingi kwa sekunde, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye bodi. Hiyo ndo logi. Drone ikianguka, logi ndo shahidi pekee aliyekuwepo kule juu.

Dogo alikuwa hajui hilo. Na hapa inabidi niseme ukweli, mi nilikuwa najua na sikumuuliza. Siku ya ajali alinipigia kutoka Isyonje kwenye mashamba ya mjomba wake, anahema, nikamuuliza umebadilisha nini, akasema sijabadilisha kitu braza, ile ile. Mi nikajibu palepale kama mganga: dira hiyo. Dira imekuvuruga, rudi nyumbani ukaifanyie kalibresheni, yaani uipange upya. Kwanini dira? Kwa sababu kwenye magrupu yetu ya Kiswahili kila tatizo ni dira, ni kama malaria, mtu akiumwa kichwa ni malaria. Lakini dira ikiharibika drone kawaida haishuki kama jiwe, inaanza kuzunguka, mduara mdogo, afu mkubwa, afu mkubwa zaidi, kama maji yanavyozunguka kwenye sinki. Ya dogo haikuzunguka hata nusu. Nilikuwa na uwezo wa kujua hilo kwa kumuuliza swali moja tu. Badala yake akapoteza siku nzima uwanjani Uyole anaigeuza drone mbovu huku na huku kama mtu anayekausha nguo, na bando juu.

Kwa hiyo alipokuja kibandani amenuna, nusu ya deni ilikuwa yangu.

Turudi kwenye meseji. Mi sikubaliani na wanaosema kosa la dogo lilikuwa kusalimia. Huku kwetu mtu akiingia dukani kwako bila shikamoo wala habari za hapa anaanza "nataka protekta", unamuuzia lakini umemuweka kundi fulani kichwani. Kusalimia hakumkeri mtu yeyote, hata Mzungu. Shida ya ile meseji ni kwamba ukitoa salamu na baraka, kilichobaki ni maneno matatu, drone yangu imeanguka. Hebu fikiria unampelekea fundi pikipiki picha ya bodaboda imelala mtaroni afu unamuuliza shida nini. Fundi wa kawaida wa Kabwe atakwambia nini? "Ilete." Hatakwambia kwa ubaya, hana kingine cha kusema. Ile "Logi?" ilikuwa ndo "ilete" ya kwao. Dogo kaisikia kama tusi kwa sababu imekuja tupu, bila pole, na yeye ndo kwanza katoka kufukia hela ya miezi minne kwenye tuta la viazi.

Na hapo ndo nampa haki dogo kidogo. Yule bwana angeandika maneno matano, pole sana, tutumie logi tukusaidie, yasingemuua. Lakini pia katika grupu zima, la watu wote wale, ni yeye peke yake aliyejibu. Wale wanne waliotagiwa hawakutia neno, na mi nawaelewa. Kumtagi mtu usiyemjua ni kama kugonga dirisha la mtu usiku badala ya kusubiri asubuhi kwenye kijiwe ambako kila mtu yupo. Hata lile neno "haraka". Haraka ya nani? Viazi vya mjomba havikuwa vinamsubiri drone.

Tukakaa tuandike upya. Nilimwambia usiandike kitu kwanza, toa kadi. Tukaikuta na mafaili kumi na kitu, la mwisho lina ukubwa wa MB 40 na ushee, na hapo nikaelewa kwanini vijana wengi hawatumi logi hata wakijua ni nini, MB 40 ya kupandisha kwa bando la siku ni maumivu. Tulitumia wifi ya jirani yangu anayechapisha kadi za harusi.

Meseji ya pili ilianza na samahani. Samahani kwa maneno yangu ya jana, nilikuwa na hasira ya ajali. Sentensi moja, basi, hatukuendelea kulia. Kisha ni drone gani, fremu gani, mota zipi, betri ipi, toleo gani la programu. Kisha ilikuwa inafanya nini: ilipaa vizuri, ikakaa hewani kama dakika nne kwenye modi ya kujishikilia mahali, akaipandisha zaidi ili aone shamba lote, ikagoma kupanda, ikaanza kushuka yenyewe huku kaminya fimbo ya rimoti mpaka juu, ikainama upande na kuanguka. Kisha alichokwisha kujaribu, kalibresheni ya dira, haikuwa na uhusiano (hilo aliliandika ananiangalia). Na linki ya logi.

Nilipofika kwenye "umebadilisha nini tangu iruke vizuri mara ya mwisho" dogo akasema tena, hamna kitu. Nikamwambia nielezee siku yenyewe, umetoka nyumbani na nini. "Drone, rimoti, betri mbili..." Mbili? "Eeh, ile ya pili nimenunua mkononi kwa jamaa, niliifunga na yenyewe juu ili iruke muda mrefu." Ulisema hujabadilisha kitu! "Braza hiyo si betri tu. Ni kama mafuta."

Nimekaa na hilo jibu wiki nzima. Hakuwa ananidanganya. Kwenye akili yake kitu ni mota, bodi, programu, na betri ni mafuta, ukijaza tenki hujabadilisha gari. Ndo maana swali la "umebadilisha nini" halitoshi, na ndo maana wale jamaa hawaamini maelezo ya mtu, wanataka logi. Logi haina maoni kuhusu mafuta. (Na pembeni tu, kuunga betri mbili za LiPo, hizi za drone, sambamba wakati moja imejaa na nyingine imechoka ni kucheza na moto kwa maana halisi, iliyojaa inajimwaga kwenye iliyo chini kwa nguvu yake yote. Nilimkanya, na nakukanya na wewe.)

Basi tukaliongeza la betri, tukatuma. Dakika ishirini, jibu: linki imefungwa, naomba ruhusa. Hatukuifungua kwa kila mwenye linki. Hili kosa nimeliona mara nyingi sana, mtu kajitahidi kila kitu afu mlango kaufunga na funguo kabaki nayo mwenyewe. Tukafungua.

Jibu la pili likatuchekesha mpaka jirani wa kadi za harusi akachungulia. Dogo alikuwa kaandika ajali ilitokea "saa tatu asubuhi", ila kwa Kiingereza kaitafsiri tatu kwa tatu, kwa hiyo yule bwana kasoma saa tisa za usiku. Akauliza kwa adabu kabisa, kwanini unarusha gizani, na mbona kwenye faili ulilotuma siioni safari ya muda huo? Kachukua dakika zake kutafuta safari isiyokuwepo. Saa ya Kiswahili inahesabu toka jua lichomoze, ya kwao toka usiku wa manane, tofauti ni saa sita, na ukitaka kukwepa kabisa andika tu namba ya faili na ni dakika ya ngapi tangu kuwasha. Tukamwelekeza.

Jibu la tatu ndo lilimfanya dogo asimame. Kwanza mistari miwili ya vipimo, mtikisiko uko sawa, dira iko sawa, GPS iko sawa. Kisha swali: "Umefunga kitu kizito mbele upande wa kushoto?"

Dogo akaniangalia. Akaiangalia drone mezani. Ile betri ya pili, kwa sababu kamera ilishika nafasi ya katikati, aliifunga kwa mkanda mbele, kushoto. Hilo hatukuliandika popote na kwenye picha drone iko kifudifudi, betri haionekani. "Amejuaje huyu?"

Kajua hivi. Kwenye ArduPilot drone ya mota nne ya umbo la X, mota namba 1 ni mbele kulia, 2 nyuma kushoto, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kulia. Kwenye logi, mota ya 3 ilikuwa imekanyagwa mpaka mwisho wakati zingine bado zina pumzi kidogo. Na ndani ya faili lilikuwepo onyo ambalo programu yenyewe iliandika, kwamba kuna uwezekano wa nguvu kupotea, na ikataja namba 3. Onyo hilo huwa linatokea kwenye laptopu au simu ukiwa umeunganisha, lakini dogo alirusha na rimoti peke yake, kwa hiyo drone ilipiga kelele na hakuna aliyesikia. Mota ikishafika mwisho haina cha kuongeza, upande wake unazama, kompyuta inapunguza mota nyingine ili drone isipinduke, na ukipunguza nyingine drone nzima inashuka. Huyo ndo muuaji, sio dira.

Jioni tuliibeba drone kwenye mzani wa mama anayeuza mchele wa Kyela. Na betri mbili kilo 1.96. Na moja 1.54. Mota za aina ile zikiwa na betri ya 3S zinavuta kama gramu 800 kila moja ukikanyaga mpaka mwisho, kwa hiyo nne ni kilo 3.2 hivi, lakini hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Sisi tunaishi juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hewa nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi, na ukipanda mpaka mita 2,000 upungufu unakaribia asilimia 18, na propela inakula hewa, hewa ikipungua msukumo unapungua. Isyonje ni juu kuliko Uyole. Kilo 3.2 yako inakuwa 2.6, na wewe unataka kubeba karibu 2, na betri asubuhi ya baridi ya Julai volti zinashuka haraka. Ushauri wa kawaida ni drone inapoelea mota ziwe zinatumia nusu ya nguvu au chini ya hapo. Ya dogo ilikuwa inaelea kwa robo tatu. Ilikuwa inatembea kwenye ukingo toka inapaa.

Na hiki kipande cha hewa yule bwana asingekijua. Yeye alishangaa mbona mota zinafanya kazi kubwa kuliko uzito unavyoonyesha, tulipomwambia tuko mita elfu moja mia saba na ajali ilikuwa juu zaidi ndo akasema ahaa. Kwa hiyo watu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Makete, ukiomba msaada wa drone taja mwinuko kama unavyotaja betri. Wengi wa hao wanaosaidia wanarushia karibu na usawa wa bahari, hawawezi kukufikiria uko mlimani kama hujasema.

Suluhisho halikuwa na utaalamu. Betri ya pili imeondoka, iliyobaki imekaa katikati kabisa, fremu imenyooshwa kwa mkono mpya. Wiki ya pili tukarusha Uyole, ikapaa, ikatulia, tukashusha, tukatoa logi hata kama haijaanguka, mota zote nne zimekaribiana.

Nikamwambia dogo bado hujamaliza. Akasema ishapona braza. Nikamwambia rudi ukawaambie. Hapa ndo watu wengi wanapotea, mtu akishapona haonekani tena, na yule aliyekesha na faili lako hajui kama alipatia au alikosea, na atakayekuja mwakani na tatizo hilohilo anakuta mazungumzo yamekatikia njiani. Dogo akaandika mistari mitatu, uzito kabla na baada, mwinuko, logi mpya, na mwishoni akaweka "ndaga fijo", akaeleza kuwa ndo asante sana kwa Kinyakyusa. Yule wa neno moja akajibu kwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuandika, akauliza Mbeya iko wapi, na kama viazi vilipona.

Hiyo ilikuwa Julai. Mwezi uliopita tuko kibandani, kwenye grupu letu la Kiswahili ikaingia meseji ya kijana wa Iringa, jamani wakubwa shikamooni, drone yangu inayumba inataka kuanguka nisaidieni, na picha. Dogo kashika simu haraka, kaandika "Logi?" na kidole kiko kwenye kutuma. Nikakohoa. Akacheka, akafuta, akaandika: "Marahaba mdogo wangu, kamwene, pole. Una logi ya hiyo safari?"

Kijana wa Iringa akajibu palepale: "Logi ndo nini kaka?"

Dogo akavuta stuli akakaa, akaanza kuandika.